Pima kabla ya kulaumu kichwa: kutafuta hitilafu kwenye printa ya kuchapa na kukata stika

Simu nyingi ninazopigiwa Jumatatu asubuhi huanza hivi: "Fundi, kichwa kimekufa." Anayepiga yuko ghorofa ya pili pale Kirinyaga Road, Nairobi. Tangu saa mbili amekuwa akichapa stika ya mlango wa pikapu, na kila akichapa inatoka na mistari kama mkeka. Ameosha kichwa mara nne, wino mwingi umeishia kwenye chupa ya taka, na mistari iko pale pale. Sasa anataka kujua kichwa kipya ni pesa ngapi.

Huwa namwomba asubiri. Kichwa, ile sehemu inayonyunyiza wino, ndicho kipuri cha bei kubwa kuliko vyote kwenye mashine hizi, kwa hiyo ndicho cha kushukiwa mwisho. Mara nyingi nimekuta kosa liko kwenye rola, mkanda, utepe wa enkoda au mpira wa kepu, kile kifuniko cha kichwa kikiwa kimeegeshwa. Mashine hii kazi yake ni kutembea: kigari cha kichwa kinaenda kushoto na kulia, roli, yaani msokoto wa stika, inasonga mbele hatua kwa hatua, kisu kinashuka na kupanda. Chochote kinachotembea huchakaa, hulegea na kushika vumbi, na vumbi la mjini hatuna upungufu nalo. Kila sehemu ikikosea huacha alama yake kwenye stika, tena kwa vipimo vyake. Ukiwa na rula ya chuma utaisoma alama hiyo kabla hujafungua skrubu hata moja.

Tafuta rula ya chuma ya mita 1, tochi, lenzi ya kukuzia kama ile ya mafundi saa, kalamu ya maka, kitambaa kisichotoa nyuzi na maji safi. Hivyo vinatosha kwa kazi nyingi nitakazozitaja.

Kisha chapa jaribio la matundu ya wino. Kila mashine inalo kwenye menyu yake. Ngazi za rangi zote zikitoka kamili, achana na kichwa. Usikioshe tena. Kila kuosha kusikohitajika kunamaliza wino na kumchosha bure waipa, ule mpira unaopangusa kichwa. Ngazi zikiwa na mapengo, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya rangi zinazopotea, maana hata huko kichwa chenyewe hakiko mbele kwenye foleni ya washukiwa.

Mistari inayokatisha upana wa roli

Chapa kipande cha rangi moja, kijivu cha asilimia 40 hivi, upana wote wa roli na urefu wa nusu mita. Usitumie picha ya mteja, kwa sababu picha huficha makosa. Weka kipande mezani, pima kutoka mstari wa kwanza hadi wa kumi na moja, kisha ugawe kwa kumi. Kupima nafasi moja tu kunadanganya.

Umbali ukiwa wa milimita chache na unajirudia kote, piga hesabu ya kichwa cha mashine yako. Chukua DX5, kichwa cha Epson ambacho bado iko kwenye mashine nyingi mjini. Ina safu 8 za matundu 180, na kila safu ina urefu wa inchi 1, yaani milimita 25.4. Ukichapa kwa pasi 4, yaani kichwa kipite mara 4 juu ya kila sehemu, roli inasonga milimita 6.35 kila hatua. Kwa pasi 8 inasonga karibu milimita 3.2. Kama mistari yako iko kila milimita 6.35 na unachapa kwa pasi 4, kosa liko kwenye hatua. Mstari ukiwa mweupe, roli inasonga kupita kiasi na kuacha pengo. Ukiwa mweusi, inasonga pungufu na pasi zinapandana.

Kwa hilo huna haja ya kumwita fundi. Ingia kwenye menyu ya marekebisho ya hatua, chapa urefu wa milimita 1,000, kisha upime. Ukipata 998, roli inasonga pungufu kwa asilimia 0.2, basi ongeza kiasi hicho na urudie. Fanya hivyo hita zikiwa zimewaka na joto limetulia, kwa sababu stika ya plastiki hubadilika kidogo ikipata joto. Kila aina ya roli iwe na namba yake mwenyewe: stika nyepesi na bango zito la fleksi hazisongi sawa chini ya rola zile zile. Nimeona duka likitumia namba moja kwa kila kitu mwaka mzima, wakilalamikia wino, kumbe wino haukuwa na kosa lolote.

Umbali ukiwa wa sentimita kadhaa, geukia rola ya chuma inayosukuma roli, ile yenye ngozi ya msasa. Pima kipenyo chake na uzidishe kwa 3.14. Mwaka fulani nilipanda ngazi za jengo moja karibu na Nyamakima. Mwenye duka, mama mmoja aliyekuwa na oda ya stika za nganya tatu, zile matatu zilizopambwa, alishaambiwa na fundi mwingine abadilishe kichwa. Nikapima mistari yake: milimita 75, kila mara. Rola yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 24, na 24 mara 3.14 ni 75.4. Nikazima mashine, nikaizungusha rola taratibu kwa mkono huku nikimulika na tochi kutoka pembeni. Kwenye msasa kulikuwa na kipande cha gundi ya stika, cheusi kwa wino na kidogo kuliko punje ya ndengu, kimegandamana kabisa. Kila rola ilipomaliza mzunguko, kipande kile kiliinyanyua stika kidogo na hatua ikakosea. Tulikikwangua kwa brashi ya meno, tukapangusa, tukachapa. Mistari ikaisha. Yule mama alikaa kwenye kiti, hakusema neno kwa muda. Alikuwa ameshaanza kukusanya pesa za kichwa.

Mistari isiyo na mpangilio, mara ipo mara haipo, inaashiria kuteleza. Hapo jaribu hivi: kwa nyuma, fungua roli kwa mkono na uache sentimita 50 za stika zikining'inia, zimelegea. Kisha chapa kile kipande cha kijivu. Mistari ikipotea, mashine inashindwa kuvuta uzito wa roli. Bango jipya la mita 50 ni zito, na breki ya roli ikikazwa sana, au mhimili wake ukiwa hauna beringi nzuri, printa inavuta kama mkokoteni uliokwama. Legeza breki, paka mhimili grisi kidogo, au kwa kazi nyeti fungua roli mapema kidogo kidogo. Mistari ikibaki, kagua rola za mpira zinazobana kutoka juu. Bonyeza kila moja kwa ukucha. Mpira mzima hubonyea na kurudi, uliozeeka ni mgumu na unang'aa. Angalia pia kama kuna iliyoliwa upande mmoja, kwa sababu hiyo itaisukuma stika kwenda pembeni. Zibadilishe zote pamoja, maana mpya ikichanganywa na kuukuu inabana kwa nguvu tofauti, na roli inaanza kwenda mshazari.

Kuna kosa moja kwenye mfumo huo ambalo hujificha vizuri: puli ya mota ya kusongeza roli ikilegea kwenye shafti yake. Ina skrubu ndogo tu inayoishika. Chora kwa maka mstari mmoja unaopita juu ya puli na juu ya shafti, kisha songeza roli mita mbili mbele na nyuma. Mstari ukikatika, yaani nusu ya puli na nusu ya shafti hazikutani tena, umempata mwizi wako. Kaza skrubu hiyo, na kama inalegea tena tia tone la gundi ya kufungia skrubu.

Na usisahau feni ya kufyonza chini ya meza. Matundu ya meza yakijaa vumbi na vipande vya stika, roli hailali vizuri na hatua hukosea bila kosa la rola. Dakika tano za mashine ya kufyonza vumbi zinatosha.

Mistari inayofuata urefu wa roli, na maandishi yenye kivuli

Hapa roli haina hatia. Mistari inayokwenda sambamba na urefu, kingo zenye mawimbi, au herufi ndogo zenye kivuli ni mambo ya kigari.

Badilisha mpangilio uchape kwa mwelekeo mmoja tu, kigari kikienda, kisichape kikirudi. Kivuli kikipotea, kigari na reli viko sawa. Kilichokosewa ni ulinganisho wa kwenda na kurudi, au kichwa kimewekwa juu kuliko unene wa stika unavyohitaji. Fanya ulinganisho upya kwenye menyu. Stika ya kawaida huchapwa kichwa kikiwa milimita 1.5 hadi 2 juu yake, na kila unapobadilisha urefu huo lazima ulinganishe tena. Kivuli kikibaki hata kwa mwelekeo mmoja, tazama utepe wa enkoda.

Utepe huu wa plastiki angavu umenyooka upande mzima wa mashine nyuma ya kigari, na una mistari midogo ambayo macho hayaioni vizuri. Kwenye mashine nyingi ni mistari 180 kwa inchi, yaani karibu mistari 7 kwa kila milimita 1. Sensa ndogo kwenye kigari huihesabu mistari hiyo kujua iko wapi. Sasa fikiria alama ya kidole chenye grisi: upana wa sentimita 1 tu unafunika mistari 70. Sensa ikifika hapo inapoteza hesabu, na wino unadondoka mahali pasipo pake. Mara nyingine kigari kinapoteza hesabu kabisa, kinaenda kugonga ukuta wa mashine na kuzima kwa kosa la mota.

Namna ya kuusafisha ni muhimu. Zima mashine na uchomoe waya. Lowesha kitambaa kwa maji kidogo, ukikamue, ukishike kwa vidole viwili kama unavyoshika uzi wa sindano, upitishe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuvuta. Rudia kwa kitambaa kikavu. Usitumie kimiminika cha kuoshea kichwa hata tone moja. Kinayeyusha mistari yenyewe, na utepe uliofutika mistari haurekebishiki, unanunuliwa mwingine. Ukimaliza, mulika kwa tochi kutoka nyuma uone kama kuna mkwaruzo au sehemu nyeupe. Angalia pia kama utepe unakwaruza kwenye sensa. Unatakiwa kupita katikati ya mdomo wa sensa bila kugusa upande wowote, na springi ya mwisho wake iwe imeuvuta ukanyooka.

Utepe ukiwa safi na mawimbi yapo, kagua mkanda wa kigari. Mashine ikiwa imezimwa, sukuma kigari polepole kwa mkono. Baadhi ya mashine hukifunga kigari kikiwa kituoni, basi kifungue kwanza kwa njia iliyoandikwa kwenye kitabu, usilazimishe. Kinapaswa kwenda laini tangu mwanzo hadi mwisho. Ukisikia kikwazo mahali fulani, weka alama kwa maka na uangalie kama mawimbi kwenye stika yako yanaanzia hapo. Kikwazo cha mahali pamoja kwa kawaida ni uchafu kwenye reli au beringi za kigari zilizoanza kuliwa. Pangusa reli, kisha paka grisi iliyotajwa kwenye kitabu, kidogo sana. Grisi nyingi inakusanya vumbi na baada ya miezi michache inakuwa unga wa kusagia beringi.

Mkanda wenyewe usikazwe kama waya wa kuanikia nguo. Uliolegea huleta mawimbi karibu na kingo, pale kigari kinapogeuka. Uliokazwa mno unaua beringi za mota. Tafuta nyufa kwenye meno yake, na unga mweusi uliorundikana chini ya puli. Unga huo ni mkanda unaojila.

Kichwa kinapogusa stika

Utasikia sauti ya kukwaruza, halafu utaona wino uliopakwa kama kwa kidole. Bonyeza kitufe cha kusimamisha mara moja, maana kichwa kikigusa kingo ngumu mara mbili tatu ndipo kinaweza kufa kweli.

Sababu karibu kila mara ni stika iliyonyanyuka. Mwezi wa saba, Nairobi ikiwa na baridi, watu hupandisha hita wakidhani wino utakauka haraka. Stika inatoka kwenye stoo ya baridi, inakutana na joto, inajikunja mawimbi na kingo zinapanda. Mashine nyingi zinataka chumba cha nyuzi 20 hadi 32. Ingiza roli chumbani usiku uliotangulia, anza na hita za mbele na za katikati karibu nyuzi 40, na ya kukaushia karibu 50, kisha punguza au ongeza ukitazama stika yenyewe. Hakikisha vibanio vya kingo vimelala. Mwanzo wa roli ukatwe sawasawa, na sehemu iliyokunjwa au kubonyezwa na kamba isipite chini ya kichwa.

Rangi zinazopotea katikati ya kazi

Jaribio la asubuhi lilikuwa zuri, na sasa, mita tatu baadaye, buluu inafifia. Tazama kama mapengo yanatokea mahali pale pale kila mara au yanahama. Yakiwa pale pale, kuna tundu lililoziba, na kuosha kwa kawaida kunaweza kusaidia. Yakihama, hewa imeingia au wino haufiki kwa kasi inayotakiwa. Hewa huingia kwenye maungio ya mipira ya wino au kwenye dampa, kile kichujio kidogo juu ya kichwa. Dampa iliyochakaa huonekana imejaa nusu hata kama chupa imejaa. Ibadilishe. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kichwa.

Rangi zikipotea mara tu baada ya kuosha, kosa ni la kituo cha usafi, pale kichwa kinapoegeshwa, penye kepu, waipa na pampu. Mimina kimiminika cha kuoshea kichwa kwenye kepu mpaka ijae, kisha washa pampu. Kepu ikibaki imejaa, pampu haivuti au mpira wake umebanwa. Ikivuta vizuri, kagua mdomo wa mpira wa kepu kwa lenzi. Wino uliokauka kwenye mdomo, hata wa unene wa unywele, unazuia kepu kufunga, na pampu inavuta hewa badala ya wino. Safisha kwa kijiti cha pamba. Waipa ikiwa imepinda au ina nyuzi, inasukumia uchafu ndani ya matundu. Tupa, weka mpya.

Stima ikipotea katikati ya kazi, kigari kinabaki nje na kichwa kiko uchi. Usisubiri irudi. Kirudishe kituoni kwa mkono na uhakikishe kepu imekifunika. UPS, ile betri ya akiba, yenye uwezo wa kuikalisha mashine dakika chache tu inalinda kichwa kuliko dawa yoyote ya kuoshea.

Kisu kisichofuata alama

Kwenye kukata ndiko watu wanapoteza stika nyingi zaidi, kwa sababu kosa huonekana wakati kazi ya kuchapa imeshaisha. Hapa kuna maswali mawili tofauti ambayo mara nyingi huchanganywa: je, kisu kinakata vizuri, na je, kinakata mahali sahihi?

Kwa swali la kwanza, kata mraba na pembetatu za sentimita 2 kwenye kona ya stika. Zibandue. Itazame karatasi ya nyuma, upande ulioshika stika, kwa mwanga wa pembeni. Kisu kizuri huacha mchoro hafifu kwenye karatasi hiyo, unaouona lakini ukiupapasa hausikii kitu. Usipoona mchoro na stika haitoki, ongeza shinikizo kidogo kidogo. Ukiona karatasi imekatika, usikimbilie kupunguza shinikizo peke yake. Pima kwanza ncha ya kisu imetoka kiasi gani kwenye kishikio. Kosa kubwa ninalolikuta ni kisu kilichotokeza sana, kisha mtu anapunguza shinikizo kufidia, halafu mkato unakuwa wa mashaka: sehemu nyingine umepita, nyingine haujagusa. Ncha itokeze tu kupita unene wa stika na gundi yake, shinikizo ndilo limalizie.

Sasa tazama pembe. Zikiwa za mviringo badala ya kali, thamani ya upunguo wa kisu (umbali kati ya ncha na mhimili wake wa kuzunguka) ni ndogo. Zikiwa na masikio madogo yaliyotokeza nje, ni kubwa. Visu vingi vya mashine hizi hutumia milimita 0.25, lakini kishikio cha kampuni nyingine kinaweza kutaka zaidi. Ukirekebisha na pembe moja bado inakataa, toa kisu uangalie beringi ndani ya kishikio. Kisu kinatakiwa kuzunguka kwa kupulizwa tu. Kipande cha stika kilichoingia humo, au gundi, kinamfanya agome kugeuka. Nimeona mtu akibadilisha visu vitatu vipya huku kizuizi kikiwa unyoya wa stika ndani ya kishikio kimoja.

Mkato ukiwa mzuri kote isipokuwa mstari mmoja unaofuata urefu wa roli, mahali pale pale kila kazi, usiguse kisu. Tazama utepe laini chini yake, ule ambao kisu hutembea juu yake. Umechimbika hapo. Utaona mfereji ukimulika. Ubandue, safisha gundi yote ya zamani, ubandike mpya bila kuukunja.

Swali la pili, mahali sahihi, jibu lake liko tena kwenye rula. Chapa ukurasa wenye miraba ishirini yenye mstari wa ukingo, ukate, kisha pima kosa kwenye mraba wa kwanza, wa katikati na wa mwisho.

Kosa likiwa sawa kila mahali, tuseme milimita 0.5 kulia kote, kila kitu kiko thabiti isipokuwa ulinganisho wa kuchapa na kukata. Ingiza namba hizo kwenye menyu, kazi imeisha.

Kosa likikua kadiri unavyoenda mbele, kisu na kichwa hawakubaliani juu ya urefu. Stika ilichapwa ikiwa na joto na ikakatwa imepoa na kunywea, au roli inasonga tofauti inaporudishwa nyuma. Hapo gawanya kazi ndefu katika vipande vya mita 1 au pungufu, kila kimoja kikiwa na alama zake za kusomwa (zile ndogo ambazo sensa huzitafuta kujua pa kukata), ili mashine ijirekebishe upya kila mara.

Kosa likiwa halina utaratibu, mraba huu kushoto na ule kulia, roli inateleza. Rudi kwenye rola za kubana. Hakikisha kila moja iko juu ya sehemu yenye msasa, sio kando yake, na zile za pembeni ziwe sentimita chache ndani ya ukingo.

Mashine ikikataa kusoma alama kabisa, angalia vitu vya kawaida kwanza. Alama zichapwe kwa nyeusi kwenye nyeupe tupu. Stika iliyolaminiwa, yaani iliyofunikwa kwa plastiki angavu, kwa laminesheni inayong'aa hurudisha mwanga mwingi na kumchanganya sensa. Bandika utepe angavu usiong'aa juu ya kila alama na ujaribu tena. Futa kioo cha sensa, maana ukungu wa wino hukaa hapo bila kuonekana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashine haina kosa nalo. Stika iliyochapwa kwa wino wa eko-solventi huwa na kemikali ndani kwa muda mrefu baada ya kuonekana kavu. Inalainisha stika na gundi, kisu kinaivuta badala ya kuikata, na kingo zinajikunja baada ya siku mbili ukutani. Iache saa 24, ikiwa imefunguliwa na hewa inapita, kabla ya kukata au kulamini. Najua mwenye matatu anataka gari lirudi barabarani jioni hiyo hiyo. Mwambie ukweli kabla hujapokea malipo ya kwanza.

Kabla ya kukubali kwamba kichwa kimekufa

Kama umefika hapa na rangi moja bado haitoki, badilishana dampa mbili: ile ya rangi inayokosa na ile ya rangi nzima. Osha kidogo ili rangi zisafike, kisha chapa jaribio la matundu. Mapengo yakihamia kwenye rangi nyingine, dampa au mpira wa wino ndio wenye kosa. Yakibaki kwenye matundu yale yale, zima mashine, chomoa waya, subiri dakika kadhaa, kisha toa nyaya bapa za kichwa na uzitazame kwa lenzi. Tafuta wino uliovuja au ncha iliyogeuka nyeusi. Zirudishe zikiwa zimenyooka kabisa, kila moja mahali pake. Waya uliowekwa mshazari, au tone moja la wino likiwa kwenye ncha, linaweza kuchoma kichwa na bodi pamoja pindi utakapowasha.

Nyaya zikiwa safi, dampa mpya, pampu inavuta, kepu inafunga, na safu nzima ya matundu bado haitoi wino, hapo kichwa ndicho. Andika namba yake ya modeli iliyoko kwenye kibandiko cha kichwa chenyewe, sio ya printa, kwa sababu printa za modeli moja zinaweza kuja na vichwa tofauti. Na unapokwenda kununua, beba na dampa mpya na kepu mpya za kufunga siku hiyo hiyo, ili kichwa kipya kisianze kazi juu ya vitu vilivyochakaa.